Msimbo mkongwe: kuusafisha, kuubadilisha kipande kwa kipande, au kuuandika upya?

Kila mfumo wa kompyuta uliodumu una faili moja la msimbo, yaani maandishi ya programu, ambalo hakuna anayetaka kuligusa. Aliyeliandika alishahama, fankisheni moja, yaani kipande cha msimbo chenye jina lake, ina mistari mia nane, kigeu (jina linalobeba thamani) kinaitwa `data2`, na juu yake kuna maelezo ya mstari mmoja: "usifute hii". Siku mteja anapoomba badiliko dogo ndani ya faili hilo, mjadala unaanza. Aliyeajiriwa juzi anataka tuandike upya kwa fremuweki ya kisasa, yaani kiunzi cha msimbo kilichotengenezwa tayari. Mkongwe wa timu anasema tulisafishe taratibu. Bosi anauliza tu kama kazi itakuwa tayari Ijumaa.

Hapa nalinganisha njia tatu, pamoja na ya nne ambayo watu huichagua bila kujua kwamba wameichagua, yaani kuacha mambo yalivyo. Msimamo wangu nautoa mapema. Ubaya wa msimbo haunisaidii sana kuchagua. Ninachouliza kwanza ni mahali yalipo maarifa ya kazi inayofanywa na mfumo huo, na kama timu inaweza kutoa toleo linalofanya kazi ikiwa bado katikati ya ukarabati. Ukiwa na majibu ya hayo mawili, nusu ya ubishi wa kwenye kikao huisha.

## Kusafisha bila kubadilisha kazi

Kusafisha, au kurifakta kama wengi wetu tunavyosema, kuna sharti moja linalosahaulika haraka: mfumo uendelee kufanya kilekile ulichokuwa ukifanya jana. Mtumiaji asione tofauti yoyote. Kinachobadilika ni umbo la ndani, yaani majina, urefu wa fankisheni, nani anamwita nani, na mambo yanayojirudia. William Opdyke aliliweka wazo hili katika tasnifu yake ya uzamivu mwaka 1992 katika Chuo Kikuu cha Illinois, na kutoka hukohuko John Brant na Don Roberts wakatengeneza chombo cha kulitekeleza katika lugha ya Smalltalk. Leo uwezo huo umo katika vihariri vya kawaida. Unabonyeza F2 kwenye VS Code au Shift+F6 kwenye IntelliJ IDEA, na jina linabadilika kila mahali kwa mkupuo mmoja.

Tuchukue mfano wa Kenya. Mfumo wowote unaopokea malipo ya M-Pesa hushughulika na namba za simu, na kwa miaka mingi namba za simu za mkononi zilianza na 07. Kwa hiyo waandishi wa programu walipachika ukaguzi wa "07" popote walipouhitaji: kwenye fomu ya kujisajili, kwenye ripoti ya mwezi, kwenye sehemu ya kutuma ujumbe mfupi, kwenye sehemu inayopokea majibu ya malipo. Mwaka 2019 zikaanza kutolewa namba zinazoanza na 01. Mwenye ukaguzi mahali pamoja alibadilisha mstari mmoja akaenda kunywa chai. Mwenye ukaguzi uliotapakaa alirekebisha fomu, akasahau ripoti, na mteja wa 01 akawa analipa bila jina lake kuonekana popote.

Usafi wake unaanza hivi. Kwanza unaukusanya ukaguzi wote katika fankisheni moja, pamoja na kasoro yake ileile:

```python
def namba_ni_sahihi(namba):
    return namba.startswith("07") and len(namba) == 10
```

Unapandisha kwenye seva na kuhakikisha hakuna kilichobadilika. Kisha, kama hatua ya peke yake katika Git, chombo kinachotunza historia ya kila badiliko la msimbo, unairuhusu 01:

```python
def namba_ni_sahihi(namba):
    return namba.startswith(("07", "01")) and len(namba) == 10
```

Wengi huzifanya hatua hizi kwa pamoja kwa sababu inaonekana ni kupoteza muda kuhifadhi kosa unalolijua. Ila kitu kikiharibika usiku huo, mwenye hatua mbili anajua mara moja kama ameponzwa na usafi au na kanuni mpya. Mwenye hatua moja anabaki kuchungulia mafaili kumi na mawili saa nane za usiku.

Kinachofanya usafi uwe salama ni majaribio ya kujiendesha, yaani programu ndogo zinazokagua msimbo zenyewe, na hapo ndipo watu hukwama: msimbo hauna majaribio, na bila majaribio wanaogopa kuugusa ili waweze kuyaandika. Michael Feathers, mwandishi wa kitabu kuhusu msimbo mkongwe, alipendekeza njia ya kutokea. Usianze na jaribio la kinachopaswa kutokea, anza na la kinachotokea sasa, hata kama ni cha ajabu. Ingiza mkopo wa 50,000 uliochelewa siku 31, tazama faini inayotoka, iandike namba hiyo ndani ya jaribio kama ilivyo. Ukishakuwa na visa vya namna hiyo ishirini au thelathini kwenye sehemu unayotaka kuigusa, una kitu cha kukupigia kelele pale mkono wako unapoteleza. Kama faini yenyewe ilikuwa imekosewa tangu mwanzo, hilo ni shauri la siku nyingine, na pengine la mhasibu.

Nikiwa hapo niseme na jambo la majina, kwa sababu timu zetu nyingi zina ugonjwa huu. Jedwali linaitwa `wateja`, fankisheni inaitwa `getCustomer`, na kigeu kinaitwa `mtejaData`. Mgeni akitafuta "mteja" anakosa nusu ya msimbo. Chagueni lugha moja, Kiswahili au Kiingereza, mimi sina ugomvi na yoyote, kisha kihariri kiwafanyie kazi ya kubadilisha.

Kwa ukubwa, mfano ninaoupenda wa njia hii ni LibreOffice. Msimbo wake ulianzia Ujerumani miaka ya 1980 katika kampuni ya StarDivision. Sun Microsystems ikainunua kampuni hiyo mwaka 1999 na kuufungua msimbo kwa umma mwaka uliofuata kwa jina la OpenOffice.org. Septemba 2010 kundi la wachangiaji likajitenga na kuanzisha LibreOffice. Walirithi mamilioni ya mistari ya C++, aina kadhaa za kuhifadhi maandishi zilizofanya kazi ileile, fankisheni chungu nzima ambazo hakuna kitu kilichoziita tena, na maelezo mengi ya ndani yaliyoandikwa kwa Kijerumani ambayo wachangiaji wengi hawakuweza kuyasoma.

Hawakuandika upya. Waliigawa kazi katika vipande vidogo ambavyo mgeni angeweza kuvibeba: tafsiri maelezo ya faili hili, futa fankisheni hii isiyoitwa na yeyote, ondoa aina hii ya zamani ya maandishi na uweke ile mpya. Orodha iliwekwa wazi kwa kila mtu, na mgeni akawa anajifunza msimbo huku akiusafisha. Kutafsiri maelezo ya Kijerumani peke yake kulichukua miaka. Na muda wote huo matoleo makubwa yaliendelea kutoka takriban kila miezi sita. Hilo la mwisho ndilo linalonivutia kuliko usafi wenyewe, kwamba mtu anayeandika barua ofisini hakusubiri hata siku moja ili wao wamalize.

Udhaifu wa njia hii upo, na ni mkubwa kuliko wapenzi wake wanavyokiri. Kusafisha hakubadilishi msingi. Kama mfumo ulijengwa ukidhani kuna tawi moja tu la ofisi, majina mazuri hayatakupa matawi kumi. Halafu hakuna mwisho unaoonekana, kwa hiyo bosi haoni alichokilipia. Tena wako wanaosafisha kwa raha zao: wiki nzima mtu anapamba moduli ambayo haijaguswa tangu 2017 na haitaguswa tena, ilhali sehemu ya malipo inayobadilishwa kila wiki inanuka. Dawa ya hilo iko kwenye Git yenyewe:

```
git log --since="12 months ago" --format= --name-only | sort | uniq -c | sort -rn | head
```

Amri hiyo inakuonyesha mafaili yaliyoguswa mara nyingi zaidi katika mwaka mmoja. Ukikuta faili baya kwenye kumi bora, anzia hapo. Faili baya lisilokuwemo, liache lilale.

## Kuandika upya

Kisa cha Netscape, kampuni ya Marekani iliyotengeneza kivinjari cha mtandao, hutajwa kila mara mjadala huu unapozuka, na kinastahili, ingawa wengi hukisimulia nusu.

Tarehe 31 Machi 1998 Netscape iliufungua msimbo wa kivinjari chake. Toleo lililokuwa mikononi mwa watu lilikuwa la 4. Oktoba mwaka huohuo uamuzi ukapitishwa wa kuiacha injini ya zamani ya kuchora kurasa na kujenga juu ya injini mpya iliyoitwa Gecko, na sehemu nyingine zikafuata, hata kiolesura. Toleo la 5 halikutoka kamwe. Netscape 6 ilitoka Novemba 2000, nzito na yenye hitilafu nyingi. Katikati ya ukimya huo Microsoft ilitoa Internet Explorer 5, Machi 1999, bila malipo. Jamie Zawinski, mmoja wa waandishi wa mwanzo wa Netscape, aliuacha mradi wakati huohuo, mwaka mmoja baada ya msimbo kufunguliwa, na katika maelezo yake ya hadharani alilalamika kwamba mwaka mzima umepita bila toleo la kumfikia mtumiaji. Aprili 2000 Joel Spolsky, mwandishi wa makala za programu, akaandika kwamba kuanza upya namna ile ni kosa baya kuliko yote ya kimkakati ambayo kampuni ya programu inaweza kufanya.

Nusu ya pili ya kisa ni kwamba Gecko haikufa. Mozilla 1.0 ilitoka Juni 2002, Firefox 1.0 ikatoka Novemba 2004, na hadi leo Firefox inaendeshwa na kizazi cha injini hiyo. Kiufundi, basi, ule uandishi upya ulizaa. Aliyelipa gharama ni kampuni: AOL, kampuni ya huduma za intaneti, ilitangaza kuinunua Netscape Novemba 1998, na Machi 2008 ikaacha kabisa kukihudumia kivinjari chenye jina hilo. Kwa hiyo ukimuuliza mhandisi na ukamuuliza mwenye biashara kama kuandika upya kulifaa, utapata majibu mawili, na yote mawili ni ya kweli.

Kwa nini kuandika upya huchelewa kila mara? Mimi naamini ni kwa sababu msimbo mbaya mara nyingi ndio unaojua mengi kuliko mtu yeyote ofisini. Chukua mfumo wa SACCOS. Ndani ya fankisheni ile ya kutisha kuna sharti linalosema mwanachama aliyejiunga kabla ya 2014 atozwe riba kwa salio linalopungua, isipokuwa wale wa tawi fulani, isipokuwa Desemba. Ukilisoma leo unaliona ni uchafu. Ukweli ni kwamba mkutano mkuu ulipitisha azimio, halafu wanachama wa tawi hilo wakapiga kelele, halafu mwenyekiti akatoa ahadi ya sikukuu, na msimbo ukabaki shahidi pekee. Azimio halimo kwenye waraka wowote mtakaopewa. Mtaandika mfumo mpya, safi, wenye majaribio mazuri, na siku ya kwanza ya mwezi simu zitaanza kulia.

Siku hizi kishawishi kimeongezeka, maana zana za akili unde zinatoa maelfu ya mistari kwa dakika chache. Zinafupisha kweli muda wa kuchapa. Ila lile azimio la wanachama hazina pa kulitoa zaidi ya ndani ya msimbo uleule mnaotaka kuutupa, kwa hiyo zipeni kwanza kazi ya kuusoma na kueleza unafanya nini, kisha mthibitishe na mhasibu mstari kwa mstari.

Kuna jambo jingine wanaotetea uandishi upya hulipita haraka. Mfumo wa zamani hausimami kusubiri. Sheria ya kodi ikibadilika katikati ya mradi, itabidi muirekebishe mara mbili. Kila ombi la mteja linakuwa ubishi: tuliweke kwenye wa zamani, wa mpya, au yote miwili?

## Kipande kwa kipande

Njia hii ya kati ilipata jina lake mashuhuri mwaka 2004 kutoka kwa Martin Fowler, mwandishi wa vitabu vya programu. Alikuwa ameona kule Queensland, Australia, miti ya jamii ya mikuyu ambayo mbegu yake huota juu kwenye matawi ya mti mwingine, ikashusha mizizi polepole hadi ardhini, ikauzunguka mwenyeji wake, na miaka mingi baadaye mwenyeji akafa na mkuyu ukasimama wenyewe. Mfumo mpya uote hivyo juu ya ule wa zamani.

Kwa vitendo, unaweka proksi, yaani programu inayopokea maombi na kuamua yapelekwe wapi, mbele ya mfumo wa zamani. Mwanzoni maombi yote yanapita kwenda kulekule. Kisha unaandika upya kipande kimoja, tuseme taarifa za mwanachama, na proksi inapeleka maombi ya kipande hicho kwenye msimbo mpya. Mengine yanaendelea kwenda kwa mkongwe. Ukikosea, unarudisha njia ilivyokuwa kwa mstari mmoja wa usanidi, na mtumiaji hajui kilichotokea.

GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, walikwenda hatua moja mbele zaidi. Walipotaka kubadilisha msimbo wa ruhusa, yaani nani anaweza kuona nini, walitengeneza maktaba ya Ruby iitwayo Scientist. Inaendesha msimbo wa zamani na mpya kwa pamoja juu ya ombi lilelile, inamrudishia mtumiaji jibu la zamani, na kuandika pembeni kila mahali majibu hayo mawili yalipotofautiana. Kwa mambo ya hela sioni njia bora kuliko hii. Hesabu mpya ya riba iendeshwe kimyakimya mwezi mzima kando ya ile ya zamani, na kila tofauti ya shilingi ichunguzwe. Nusu ya tofauti zitakuwa makosa yenu. Nusu nyingine mtagundua kwamba mkongwe ndiye alikuwa anakosea, na hapo mtahitaji kikao na uongozi kabla ya kupandisha chochote.

Mtego wake pekee ni madhara ya pembeni. Kulinganisha hesabu ni salama. Kulinganisha kitendo cha kutuma pesa si salama, maana zitatumwa mara mbili.

Mfano wa kunogesha ni wa Mozilla wenyewe, watengenezaji wa Firefox. Walipotaka kuongeza kasi ya Firefox miaka mingi baada ya masaibu ya Netscape, walikuwa na injini ya majaribio iitwayo Servo, iliyoandikwa kwa lugha ya Rust. Hawakuitupa Gecko ili waiweke Servo yote. Walichukua kipande kimoja cha Servo, kile kinachokokotoa mitindo ya CSS, wakakipandikiza ndani ya Gecko, na kikatoka katika Firefox 57 Novemba 2017. Wajukuu wa Netscape hao.

Gharama ya njia hii ni uchovu. Kwa muda fulani mna mifumo miwili, lugha mbili, namna mbili za kupandisha, na mtu mpya anatakiwa kuijua yote. Sehemu ngumu kuliko zote ni hifadhidata: msimbo mpya na wa zamani wakiandika kwenye jedwali moja, kila mmoja ana dhana zake juu ya safu ile ya `hali` ambayo thamani yake 3 inamaanisha "imefungwa" au "inasubiri" kutegemea unamuuliza nani. Kanuni yangu ni kwamba kila jedwali liwe na mwandishi mmoja tu kwa wakati mmoja, wa zamani au mpya, na mwingine asome tu.

Hatari mbaya zaidi ni kuishia njiani. Bajeti inaisha asilimia sitini ikiwa imehamishwa, aliyekuwa kinara wa mradi anapata kazi kwingine, na sasa mna mifumo miwili mikongwe badala ya mmoja.

## Kwa haraka

| | Kusafisha | Kipande kwa kipande | Kuandika upya |
|---|---|---|---|
| Toleo la kwanza kwa mtumiaji | Wiki hii | Kipande cha kwanza kikiwa tayari | Mwisho wa mradi |
| Mkikatizwa katikati | Mnabaki na faida yote | Mnabaki na mifumo miwili | Mnabaki mikono mitupu |
| Msingi mbovu | Haubadiliki | Unabadilika polepole | Unabadilika |
| Kanuni zisizoandikwa popote | Zinabaki salama | Zinagunduliwa kwa kulinganisha | Hupotea |
| Timu ya watu wawili | Inawezekana | Ni mzigo | Labda mfumo ukiwa mdogo |

Mstari wa pili ndio ninaouangalia kwanza, kwa sababu kukatizwa katikati ndiyo hali ya kawaida ya miradi yetu. Mfadhili anabadilisha vipaumbele, uchaguzi unaingia, mteja anachelewa kulipa.

## Na kuacha ulivyo?

Kuacha ni uamuzi halali kwa msimbo unaofanya kazi na usioguswa. Lakini kuna aina moja ya msimbo ambayo haifai kuachwa hata siku moja, nao ni msimbo uliokufa ambao bado unaweza kuitwa.

Knight Capital ilikuwa kampuni ya Marekani ya kuuza na kununua hisa kwa kompyuta. Ndani ya mfumo wake wa kutuma maagizo sokoni kulikuwa na sehemu iitwayo Power Peg, ambayo waliacha kuitumia mwaka 2003 bila kuiondoa. Mwaka 2005 walihamisha kipande cha msimbo kilichokuwa kikihesabu hisa zilizokwisha kununuliwa, kile kilichoiambia Power Peg "inatosha, acha". Hawakuijaribu tena Power Peg baada ya hapo, kwa kuwa haikutumika. Miaka saba baadaye wakaandika huduma mpya, na kwa kuiwashia wakatumia swichi ileile iliyokuwa zamani ikiiwasha Power Peg. Msimbo mpya ulitakiwa kupandishwa kwenye seva nane. Mmoja wa mafundi aliiruka moja.

Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 2012 soko likafunguliwa, na seva ile ya nane ikamfufua maiti. Power Peg ikaanza kutuma maagizo bila kujua pa kukomea. Ilichukua kama dakika 45 kuizima. Kwa mujibu wa mamlaka ya masoko ya hisa ya Marekani, hasara ilizidi dola milioni 460, na mwaka uliofuata kampuni ikaunganishwa na nyingine.

Kisa hiki hutumiwa kuwatisha wanaoacha msimbo mfu, na sawa. Ila tazama tena ule mwaka 2005. Kuhamisha kipande cha msimbo kutoka mahali pamoja kwenda pengine ni usafi wa kawaida kabisa, tunaufanya kila wiki. Walisafisha bila jaribio, juu ya msimbo waliodhani hauwahusu. Kufuta kungewagharimu mchana mmoja, na Git, au chombo chochote kama hicho, ingewatunzia nakala kama wangeihitaji tena.

## Kuchagua

Swali langu la kwanza kwa timu ni hili: mnaweza kueleza mfumo unafanya nini bila kuufungua msimbo? Kama hamwezi, anzeni kusafisha, hata kama mwisho wa safari ni kuandika upya. Kusafisha ndiyo namna ya kusoma. Majaribio mtakayoyaandika ya kunasa tabia ya sasa yatakuja kuwa ndiyo masharti ya mfumo mpya.

La pili ni kama tatizo ni umbo au ni msingi. Mfumo ulioandikwa kwa toleo la 5.6 la lugha ya PHP una tatizo la msingi, kwa sababu marekebisho ya usalama ya toleo hilo yalikoma mwishoni mwa 2018. Hata hapo si lazima kukimbilia kuandika upya. Kuna zana kama Rector zinazobadilisha sehemu kubwa ya msimbo wa zamani wa PHP kwenda matoleo mapya zenyewe, na kinachobaki kinafanywa kwa mkono, moduli moja baada ya nyingine. Msingi unaodhani kuna sarafu moja tu au taasisi moja tu ni kitu kingine. Huo unadai kipande kwa kipande, kuanzia kwenye hifadhidata.

Halafu kuna suala la bosi. Ukimwomba "miezi mitatu ya usafi" atakataa, na ningekuwa yeye ningekataa pia, maana hajui atapata nini mwishoni. Mwandishi wa programu Ward Cunningham alikabiliana na hili mapema, mwaka 1992, akiwa kwenye programu ya kusimamia uwekezaji: akalieleza kama deni, kwamba msimbo ulioharakishwa ni mkopo na kila muda unaopotea kuuzungukia ni riba. Lugha hiyo watu wa fedha wanaielewa. Mimi naongezea kwamba usiombe muda wa usafi kabisa. Uingize ndani ya makadirio ya kazi: badiliko hili ni siku nne, mbili za kulitengenezea nafasi na mbili za kulifanya. Fundi mwenye heshima haulizi ruhusa ya kufagia anapofanyia kazi.

Kuandika upya ningekukubali katika hali chache. Mfumo ukiwa mdogo kiasi kwamba watu wawili wanaumaliza kwa wiki chache, ubishi ni ghali kuliko kazi yenyewe. Msimbo chanzo ukiwa umepotea na kilichobaki ni faili la kuendeshea tu, hakuna cha kusafisha. Na kazi yenyewe ikiwa imebadilika, mfano mfumo uliotengenezwa kwa duka moja sasa unatakiwa uuzwe kwa maduka mia, kanuni za zamani nyingi hazina thamani tena.

Mkifika huko, fanyeni mambo matatu kabla ya mstari wa kwanza. Andikeni orodha ya vitu ambavyo mfumo mpya hautafanya, na mhusika wa kila idara aisaini, kwa sababu maombi mapya yataanza kumiminika siku mtakapotangaza. Zungumzeni na anayetumia mfumo kila siku, karani wa dirishani kabla ya meneja, maana yeye ndiye anajua kitufe kipi hubonyezwa mara mbili na kwa nini. Kisha pangeni mwisho wa mwezi mmoja ambapo mifumo yote miwili itafunga hesabu pamoja, na ule wa zamani usizimwe mpaka namba zilingane. Hata baada ya kuzimwa, nakala ya kusoma tu ibaki kwenye seva yoyote ya bei nafuu. Mkaguzi wa hesabu atakuja kuulizia muamala wa miaka mitatu iliyopita, na atataka kuuona kama ulivyoonekana siku ile.